CNC ya mbao nyumbani: angalia maranda kwanza, mengine yatafuata

Wakuu, kama umepata CNC yako ndogo ya mbao (mashine ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta), iwe ulinunua nzima au umeiunga mwenyewe kipande kwa kipande, mi sitaanza na programu gani utumie wala mota ipi ndo kali. Nakwambia hivi tu, mashine ikianza kukata inama uangalie kinachotoka kwenye biti, yaani kile kisu kinachozunguka. Kama ni maranda, yaani vipande vidogo vyenye umbo ambavyo ukivisugua kwa vidole unavihisi, uko vizuri endelea. Kama ni unga laini unaoelea hewani, simamisha, maana kuna kitu hakiko sawa na muda si mrefu utaanza kunusa moshi. Mengi nitakayoongea hapa chini yanarudi hapohapo, maranda au unga.

Wiki yangu ya kwanza niliunguza biti tatu. Na nilikuwa mwangalifu kweli, ndo kichekesho chenyewe, nilikuwa naiogopa mashine kwahiyo nikaitembeza polepole kama nasindikiza mgonjwa, afu spindo (ile mota inayozungusha biti) nikaiweka mwisho kabisa wa mzunguko nikidhani ikizunguka sana ndo inakata vizuri. Mbao ikatoka nyeusi pembeni, biti ikabadilika rangi, mi nikasema biti ni feki.

Polepole ndo inaunguza

Iko hivi. Biti ikikata lazima joto litoke, hilo haliepukiki, na joto lenyewe lina njia mbili tu, liondoke na vipande vinavyorushwa au libaki kwenye biti na kwenye mbao. Kila jino la biti likiuma kipande kinene kiasi, kipande kinaondoka na joto lake. Likiuma kidogo mno linakuwa halikati tena, linasugua, na biti ya meno mawili kwenye mzunguko wa 18,000 inasugua mara 36,000 kwa dakika, sasa hapo mbao itaacha kuungua?

Hesabu yake wala sio ngumu. Chukua mizunguko kwa dakika, zidisha kwa idadi ya meno ya biti, zidisha kwa unene wa kipande unachotaka kila jino liume, unapata spidi ya kutembea kwa milimita kwa dakika. Mfano spindo iko 18,000, biti ina meno 2, unataka kila jino liume 0.05 mm, basi 18,000 × 2 × 0.05 ni 1,800 mm kwa dakika. Sasa mchukue mtu anayetembeza 400 kwa mzunguko ule ule kwasababu anaogopa, kila jino lake linauma kama 0.011 mm, hapo anapiga msasa tu kwa biti ya gharama. Kwa biti ya 6 mm kwenye mbao laini mi huanzia hapo kwenye 0.05 na napanda taratibu kuelekea 0.1 mashine ikikubali, biti ya 3 mm nashuka mpaka 0.02 au 0.03 kwasababu hizo zinavunjika ukizitazama vibaya.

Utaniambia mashine yangu ni ya mkanda (inavutwa na mkanda wa mpira), ukiipeleka 1,800 inatetemeka yote. Sawa, basi usiongeze spidi ya kutembea, punguza mzunguko. Ruta nyingi ndogo za mkono (zile mota za kuchongea kingo za mbao) ambazo watu tunazifunga kwenye hizi mashine zinashuka mpaka karibu 10,000, na ukiweka biti ya jino moja, 10,000 × 1 × 0.05 inakupa 500 mm kwa dakika tu, spidi ambayo hata mashine dhaifu inaimudu, na bado unapata maranda. Biti ya jino moja watu wengi wanaiona ya kazi za plastiki lakini kwa mashine ndogo ya mbao ni mkombozi.

Kuna mtego mwingine hapa ambao ulinichukua muda kuuona. Ile spidi unayoandika kwenye programu ni ile ya juu kabisa mashine inayoruhusiwa kufika, sio lazima ifike. Ukichonga herufi ndogo au duara dogo mashine inaanza kukimbia, kabla haijachanganya inakuta kona inabidi ifunge breki, inaanza tena, kwahiyo umeandika 1,800 lakini kwenye zile kona inatembea 400 au chini yake huku spindo inazunguka vilevile. Ndo maana unakuta mistari mirefu imetoka safi ila kona zote zina weusi. Dawa ni kushusha mzunguko kwa kazi zenye michoro midogo midogo, ukiongeza ile namba ya spidi haitasaidia chochote.

Kina nacho. Kwa mashine ndogo, shuka nusu ya unene wa biti kila mpito, yaani kila biti inapopita mara moja, yaani biti ya 6 mm ishuke 3 mm, na kama mashine yako ni ya mkanda au reli zake ni nyembamba anza na 1.5 au 2 tu. Mashine ngumu ya chuma inaweza kushuka unene mzima wa biti bila shida lakini hiyo ni mashine ya mtu mwingine. Ukilazimisha kina, reli zinapinda kidogo, biti inavutwa pembeni, afu unapima kipande unakuta kimepungua nusu milimita upande mmoja unaanza kutafuta kosa kwenye mchoro ambalo halipo.

Sikiliza pia. Kazi ikienda vizuri mashine inanguruma sauti moja iliyotulia. Ikianza kupiga kelele nyembamba za kutetemeka na ukigusa ukuta wa mkato unahisi vimawimbi, aidha kina ni kikubwa, au biti imechomoza ndefu mno, au kuna kitu kimelegea. Ikiunguruma nzito huku mzunguko unashuka, unaisukuma kuliko nguvu yake.

Usichukue namba zangu wala za mtu yeyote kama amri. Tafuta kipande chakavu cha ile mbao unayotaka kutumia, chora mistari mitano ya sentimita kumi kumi, kina 2 mm, wa kwanza upite 600, wa pili 900, halafu 1,200, 1,500, 1,800, mzunguko usibadilishe. Ukimaliza pitisha kidole kwenye kingo zake, angalia weusi, angalia unga uliobaki ndani ya mfereji. Robo saa tu hiyo. Andika kwenye daftari, mbao gani, biti gani, namba ipi ilitoka safi. Daftari langu limejaa vumbi na halisomeki vizuri ila ndo kifaa ninachokitumia kuliko chochote kwenye ile meza.

Biti zenyewe

Kuna aina tatu utakutana nazo kila siku. Ya kuvuta juu, mkunjo wake unatoa maranda nje ya shimo, kwahiyo inakata kwa baridi na inafaa kwa mifereji mirefu ya kwenda chini, ubaya wake inang'oa nyuzi za juu, ukiipeleka kwenye plaiwudi ule uso mwembamba unachanika kama karatasi, na pia inanyanyua mbao kutoka mezani kama hujaishika vizuri. Ya kusukuma chini inafanya kinyume, uso wa juu unatoka safi kabisa, lakini maranda yanashindiliwa chini ya mfereji na ukienda nayo kina kirefu yanapata joto, nimeona mfereji ukitoa moshi hivihivi. Ya tatu ni kompresheni, chini inavuta juu na juu inasukuma chini, plaiwudi inatoka safi pande zote, watu wanaisifia sana ila hawakwambii sharti lake: mpito wa kwanza lazima ushuke kupita ile sehemu ya chini inayovuta juu, la sivyo unakuwa umetumia biti ya kuvuta juu ya bei mbaya. Mashine nyingi ndogo haziwezi kushuka hivyo kwa mara moja. Kwa plaiwudi mi huwa naanza na ya kusukuma chini kwa milimita moja mbili za kwanza, afu namalizia na ya kuvuta juu, kazi inatoka karibu sawa.

Kwa kuanzia nunua biti mbili nzuri za kabaidi za 6 mm, moja ya kuvuta na moja ya kusukuma, moja ya 3 mm na moja ya V, ile yenye ncha kali chini. Lile boksi la biti thelathini linavutia macho, utatumia nne.

Koleti ni kile kikonyo kinachobana biti na watu hawakisafishi. Vumbi na utomvu vikiingia mle ndani biti inakaa upande, inazunguka kwa kuyumba kidogo, na kuyumba huko maana yake jino moja linakata sana jingine halikati kabisa, umerudi kwenye unga. Kila unapobadilisha biti futa koleti kwa kitambaa na brashi. Ingiza shina la biti mpaka ndani kabisa halafu lirudishe nje milimita mbili hivi ndo ubane, usibane sehemu yenye mkunjo wa meno hata kidogo. Na usiwahi kubana biti ya 6 mm kwenye koleti ya 6.35 mm ambayo ni ile robo inchi, itabana kweli lakini itateleza katikati ya kazi, biti inashuka yenyewe na inatoboa meza yako.

Biti ikiwa butu haikutangazii. Inaanza kuacha manyoya kwenye kingo, inaanza kutoa unga kwa namba zilezile ambazo mwezi jana zilitoa maranda. Kabla hujaitupa ioshe utomvu uliogandia, mara nyingi shida ni hiyo tu, ikikauka irudishe ujaribu.

Kushika mbao

Nikihesabu kazi zangu zilizoharibika, nyingi ziliharibika kwasababu mbao ilisogea. Sio programu, sio mota, mbao ilisogea basi.

Juu ya meza ya mashine weka ubao wa MDF (ule wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi) ambao upo hapo kuumia, mi nauita ubao wa kafara. Biti itauchana, utaufunga skrubu, utaugundisha, ukichoka unaupitishia biti pana unaulainisha upya, ukiisha unaweka mwingine. Kuulainisha huko sio urembo, ndo kunakofanya ubao uwe sawa na mwendo wa mashine yenyewe, kwahiyo hata kama meza yako imepinda milimita moja, baada ya kulainisha biti inakuwa umbali uleule kila kona. Na ukipitisha kiganja baada ya kulainisha ukahisi vingazi vidogo kati ya mstari na mstari, spindo yako imeegama, ilegeze uinyooshe kabla hujaendelea, hivyo vingazi vitatokea kwenye kila kazi utakayofanya.

Njia ninayoipenda kwa vipande vidogo ni tepu ya karatasi na supagluu. Bandika tepu kwenye ubao wa kafara, bandika nyingine chini ya mbao yako, sugua zote mbili kwa nguvu zishike, weka gluu juu ya tepu moja, kandamiza zikutane kama nusu dakika. Inashika kuliko unavyofikiria na hakuna klampu ya kugonga. Ukimaliza unapenyeza kisu chembamba unaing'oa, mbao haina doa. Vumbi likiwepo chini ya tepu haishiki, futa kwanza.

Kwa mbao kubwa skrubu ndo mwisho wa maneno, weka kwenye sehemu za kutupwa na uzichore kwenye programu kama mahali pa kukwepa. Klampu za chuma mi nilishaziacha, siku moja nilisahau moja upande wa kushoto, mashine ilipomaliza mstari ikanyanyuka 3 mm kuelekea upande mwingine na klampu ina urefu wa sentimita mbili, nilisikia mlio mmoja tu. Kipande cha biti sikukipata mpaka leo. Tangu siku hiyo nachonga klampu zangu mwenyewe kwa mbao ngumu, biti ikizigonga inazikata tu maisha yanaendelea, na kwenye programu nimepandisha ule urefu wa kupita juu mpaka uzidi klampu.

Mbao iliyopinda usiilazimishe kwa klampu ilale. Italala wakati unakata, ukiifungua inarudi ilivyokuwa na kazi yako inapinda nayo. Ipige randa kwanza au ichongwe uso kwenye mashine upande mmoja, igeuze, upande wa pili. Na mbao mbichi usihangaike nayo, utakata kifuniko kinaingia vizuri leo, wiki mbili baadaye hakiingii.

Kipande unachokata kutoboka pande zote lazima kiachiwe vidaraja, yaani sehemu chache ambazo biti hainyofoi mpaka chini, la sivyo dakika ya mwisho kinaachia, kinaingiliwa na biti, kinarushwa. Vinne vya upana wa 6 mm na unene wa 2 hadi 3 mm vinatosha kwa kipande cha kawaida, unavikata kwa patasi au msumeno mdogo unapiga msasa. Usiviweke kwenye kona wala kwenye mikunjo, msasa utakutesa, weka kwenye sehemu zilizonyooka. Na siku zote matundu na mashimo ya ndani yakatwe kwanza, mzunguko wa nje uwe wa mwisho kabisa.

Ziro

Ziro ni pale unapoiambia mashine hapa ndo mwanzo. Ya X na Y (kushoto-kulia na mbele-nyuma) ikikosewa kazi inakuwa imehama, ya kwenda chini ikikosewa ndo majanga. Kama unachonga maandishi juu ya mbao, chukua ziro kwenye uso wa mbao. Kama unakata mpaka kutoboa, chukua ziro kwenye ubao wa kafara halafu uiambie programu unene halisi wa mbao, ulioupima kwa kalipa, maana mbao ya 18 mm inaweza kuwa 17.3 na plaiwudi ndo kabisa haiaminiki. Ukifanya hivyo kosa la unene linaenda juu hewani, halichimbi meza yako.

Ukibadilisha biti katikati ya kazi, chukua ziro ya chini upya kwasababu biti mpya haina urefu wa ile ya kwanza, ila X na Y usiziguse kabisa. Mi huwa nasevu kila biti faili lake na jina linaanza na namba, 1 biti ya 6, 2 biti ya V, maana nilishawahi kupakia faili la biti ya 6 nikiwa nimefunga V, sitaki kulizungumzia.

Halafu fungua faili lenyewe angalia mistari ya juu. Ukiona G21 ni milimita, G20 ni inchi. Inchi moja ni 25.4 mm, kwahiyo likichanganywa unapata kipande kidogo kama kifungo au mashine inayokimbilia ukutani. Kabla ya kukata kazi yoyote mpya nyanyua ziro sentimita mbili juu ya mbao na uiache mashine icheze kazi nzima, au angalau mzunguko wa nje, hewani. Utaona kama inaelekea kwenye skrubu, utaona kama imegeuka, na mkono uwe karibu na kitufe chekundu cha dharura sio mfukoni.

Mashine iwe kweli

Mashine nyingi za nyumbani zinatumia GRBL, programu ya ndani inayoendesha mota, au kitu kinachofanana nayo, na humo kuna namba za stepu ngapi za mota zinatoa milimita moja, $100 ni ya X, $101 ya Y, $102 ya juu na chini. Kupima ukweli wake funga biti ya V, toboa vidoti vinne vya mstatili wa 300 kwa 400 mm, halafu pima mishazari. Yote miwili inatakiwa iwe 500. Ikitofautiana, mmoja 501 mwingine 499, fremu yako haiko mraba, legeza usukume upande mmoja, hapo hakuna namba ya kubadilisha. Ikilingana ila sio 500, ndo sasa unagusa stepu, chukua namba ya zamani zidisha kwa uliyoagiza gawanya kwa uliyopata. Umeagiza 300 ikaenda 297 na namba ilikuwa 80, basi 80 × 300 ÷ 297 ni 80.81. Zingatia hili, usirekebishe stepu kwa kupima kipande ulichokata, kile kimeshachanganya unene wa biti na kupinda kwa mashine, ukirekebisha hapo unaharibu kilichokuwa kizima.

Vitu vya kuchora ambavyo hakuna anayekwambia mwanzoni

Biti ni ya duara, kwahiyo kona ya ndani haiwezi kuwa kali, biti ya 6 mm inaacha mviringo wa nusu kipenyo wa 3 mm. Kama ubao mwingine unatakiwa uingie humo, aidha unyooshe kona kwa patasi au uchore kijitundu kwenye kila kona ili pembe ya ule ubao ipate pa kukaa. Na usichore shimo la 18 kwa ubao wa 18, halitaingia, ongeza 0.1 mpaka 0.2 mm, ujaribu kwanza kwenye chakavu.

Unapokata mzunguko wa nje usiache mfereji uwe na upana uleule wa biti mpaka chini kwa mbao nene, maranda hayana pa kutokea. Fanya mipito miwili iliyoachana kidogo, mfereji uwe mpana zaidi ya biti, na acha ngozi ya 0.3 mm ukutani ambayo unaipitia mara moja mwishoni kwa kina chote. Huo mpito wa mwisho ndo unaokupa ukuta usio na mistari.

Biti ya kuzunguka kawaida (mwelekeo wa saa) ikizunguka kipande kwa nje kinyume cha saa, meno yanapingana na mwendo, na ikienda na saa yanafuata mwendo. Kufuata kunatoa uso safi kwenye mbao nyingi lakini kunavuta mashine mbele, na mkanda uliolegea utaonekana hapo. Mi nakata kwa kupinga nikitoa mbao nyingi, ile ngozi ya mwisho naikata kwa kufuata. Nyuzi zikichanika geuza mwelekeo ujaribu tena.

Maandishi ya V: kina kinategemea upana wa herufi. Biti ya digrii 90 inashuka nusu ya upana, mstari wa 10 mm unashuka 5. Ya digrii 60 mstari huohuo unashuka karibu 8.7 mm, kama mbao yako ina 9 hesabu mwenyewe. Na uso usipokuwa sawa herufi zinatofautiana unene, kwa digrii 90 kosa la nusu milimita kwenye kimo linabadilisha upana wa mstari kwa milimita nzima, ndo maana neno linaanza nene linaishia jembamba. Mbao laini zenye kutoa manyoya zipake koti la vanishi au shelaki kabla ya kuchonga, nyuzi zinasimama imara zinakatika vizuri.

Michongo ya mabonde na milima, anza na biti kubwa uondoe nyama yote, malizia na ya kichwa mviringo kwa hatua ya asilimia 10 ya kipenyo chake, biti ya 6 hatua ya 0.6. Inachukua masaa, ni hivyo.

Vumbi, umeme na moto

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwahiyo vakyumu yenye mfuniko wa kuzunguka biti, na barakoa ya N95 usoni hata ukiwa na vakyumu, hasa kwa MDF ambayo vumbi lake ni jembamba na lina gundi ndani. Miwani, viziba masikio. Glovu vua, mikono mirefu kunja, biti haina huruma na kitambaa.

Bomba la plastiki la vakyumu linajijazia umeme wa msuguano, na ule umeme ukiruka kwenye fremu kompyuta inapoteza mashine katikati ya kazi ya masaa manne. Unganisha fremu na waya wa ethi, pitisha waya mtupu kwenye bomba nao uende ethi, waya wa USB uwe mfupi na uwe mbali na waya wa spindo. Zima kulala kwa kompyuta na masasisho ya kujiwasha, nilipoteza mlango wa kabati kwa ajili ya hilo.

Usiiache mashine ikikata ukaenda kulala au dukani. Mbao ikisogea biti inabaki inasugua sehemu moja, inatengeneza kaa dogo, vakyumu inalivuta kaa ndani ya ndoo iliyojaa unga mkavu na kulipulizia hewa juu yake. Mi lilinikuta nimeshazima kila kitu, nusu saa baadaye narudi kuchukua simu nakuta moshi unatoka kwenye kifuniko cha ndoo, na hapo siku hiyo nilikuwa nimeona weusi kwenye mfereji nikajisemea nitapiga msasa. Siku hizi nikiona weusi hata kidogo nasimamisha nafungua ndoo palepale, na kila jioni ndoo namwaga nje mbali na ukuta, kavu au sio kavu, na naimwagia maji.